Wivu wa Mwalimu Pembetatu

Watu wanadhani wamisionari hawaoneani wivu. Wanadhani mtu akishafunga sanduku lake, akawaaga wa kwao, akavuka mpaka kwenda kufundisha watoto wa watu kwa jina la Bwana, basi roho yake imeshasuguliwa ikatakata, haina tena kijicho wala kinyongo. Waulizeni waliowahi kuishi nao nyumba moja. Wivu upo, tena ni mkali kuliko wa wake wenza, kwa sababu wenyewe hawaruhusiwi kuusema.

Huyu tunayemzungumzia alikuwa mwalimu wa hesabu. Kanisa la kwao lilimtuma ugenini akiwa bado msichana, kwenye shule ya bweni iliyojengwa na misheni pembeni mwa mji mdogo, na mwanzoni alikwenda kwa miaka miwili tu. Ile miwili ikazaa mingine. Alijifunza lugha ya wenyeji mpaka akawa anaota kwa lugha hiyo, akayazoea maji ya kisima, akazoea hata kuitwa mgeni na watoto waliozaliwa yeye akiwa yuko hapo hapo. Alikuwa mwembamba, mabega juu juu, viwiko vimechongoka, na kwa kuwa hakuna alichopenda kuchora ubaoni kuliko pembetatu, wasichana walimbandika jina hilo. Alilisikia, akajitia hamnazo. Mwisho wake hata walimu wenzake wakawa wanamwita Pembetatu, naye akawa anaitika.

Msije mkamwona mnafiki kwa haya yanayokuja. Imani alikuwa nayo. Aliamka kabla ya kengele, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mpaka magoti yakaota sugu. Siku aliyopata habari kwamba mama yake mzazi amefariki, na kwamba mazishi yameshapita, aliingia darasani akafundisha sehemu na desimali, akaenda stoo ya vifaa akalia, akaomba, akajifuta uso, akarudi kufundisha kipindi kilichofuata. Mtu wa kwao hakuwepo hata mmoja wa kumshika mkono. Mungu ndiye aliyemshika, na mwenyewe alikuwa akisema hivyo bila kutia chumvi.

Tena alikuwepo Mama Jikoni, mpishi wa shule. Huyu alikuwa mwenyeji, mama mtu mzima, mpana, mwenye sauti ya kuita bweni zima bila kutoka mlangoni. Yeye ndiye aliyempokea Pembetatu siku ya kwanza, akamkalisha kwenye kigoda karibu na jiko na kumfundisha lugha kwa kunyooshea kidole sufuria, mwiko, moto, chumvi. Wakati wa msiba alikwenda akakaa naye kitandani, kisha akabeba nguo zake chafu akazifua. Tangu hapo alimwita mwanangu, na Pembetatu akamwita mama, na kila asubuhi ncha ya mkate, ile ngumu iliyoungua kidogo ambayo Pembetatu aliipenda, ilikuwa inamsubiri chini ya kawa.

Mambo yalikuwa shwari hivyo mpaka alipokuja Mwalimu wa Cherehani.

Huyu naye alitumwa na kanisa lile lile la kwao. Alikuwa bado mbichi, mnene kiasi, mashavu yanacheka hata mwenyewe akiwa amenuna. Alipangiwa chumba kimoja na Pembetatu: vitanda viwili, dirisha moja, pazia katikati. Pembetatu alifurahi sana kupata wa kuzungumza naye lugha ya nyumbani. Furaha hiyo ilidumu mpaka walipoanza kuomba pamoja.

Maana Mwalimu wa Cherehani alikuwa anaomba amelala. Ndiyo, amelala chali, shuka mpaka kidevuni, mikono imefumbatwa tumboni, na nusu ya siku hizo alisinzia kabla hajafika kwenye amina. Upande wa pili wa pazia Pembetatu yuko magotini, saruji inamla, akimsikia mwenzake anakoroma katikati ya sala. Na hapo ndipo penye kuudhi. Majibu yalikuwa yanakwenda kwa yule aliyelala.

Sindano za cherehani ziliisha, mwenzake akaomba, siku ile ile mgeni kutoka mjini akaleta boksi zima wala hakuwa ameambiwa. Msichana mmoja aliyekuwa hafungui mdomo tangu alipofiwa na baba yake alianza kuzungumza, tena kwenye kipindi cha ushonaji, huku anatunga uzi. Mvua ilisubiri nguo zianuliwe. Hata kifungo cha blauzi kilichopotea kilipatikana. Pembetatu aliomba kitu kimoja tu mwaka mzima, kwamba wasichana wake wa darasa la mwisho wafaulu hesabu, na matokeo yalipotoka alikwenda kuyasomea stoo ili mtu asimwone uso. Walikuwa wamefeli karibu wote.

Angeweza kuyameza hayo kama si saa ya shuhuda. Pale shuleni, kila Jumamosi baada ya usafi, wafanyakazi wote kuanzia Mwalimu Mkuu hadi mlinzi wa geti walikutana ukumbi wa kulia chakula. Mbele kilikuwa kinawekwa kiti kimoja kitupu. Hakuna aliyekikalia. Mwenye ushuhuda alikwenda akasimama nyuma yake, akashika egemeo, akaeleza Mungu amemtendea nini wiki hiyo. Wiki hiyo tu. Mwalimu Mkuu, mama mkali mwenye miwani mizito, alikuwa hataki kusikia ya mwezi uliopita. Alisema Mungu wao si Mungu wa viporo.

Pembetatu alikuwa anasimama pale, anashika egemeo, anasema anamshukuru Mungu kwa uzima. Watu wanaitikia amina kwa sauti ya mtu anayepokea chenji. Kisha anasimama Mwalimu wa Cherehani, na kabla hajafungua mdomo, watu wameshasogeza viti mbele. Akisimulia habari ya sindano utadhani ni bahari imegawanyika. Mlinzi wa geti analia. Mama Jikoni anapunga kitambaa hewani. Na Pembetatu anapiga makofi pamoja nao, anatabasamu mpaka taya zinauma, na ndani moyo wake unasema, eti kifungo, Mungu ameacha watoto wangu wafeli akaenda kutafuta kifungo.

Alijaribu kuutubu huo wivu. Alifunga kula, akaandika mistari ya Biblia akaibandika ukutani juu ya kitanda. Mwenzake akaisifia mwandiko. Hata hilo lilimkera.

Kisha siku moja asubuhi akaingia jikoni, akafunua kawa, hakukuta ncha ya mkate. Ilikuwa kwenye sahani ya Mwalimu wa Cherehani, imepakwa siagi. Mama Jikoni alicheka tu, akasema mwenzako naye kumbe anaipenda, leo kaanza yeye kuamka. Pembetatu alisema hakuna neno. Alikunywa chai yake bila kitu, akaenda kufundisha, na siku hiyo wasichana walipewa zoezi refu bila kosa lolote la kulistahili.

Sasa, Pembetatu alikuwa na presha. Aliigundua baada ya kuanguka ubaoni chaki mkononi, na muuguzi wa zahanati akamwanzishia vidonge, kimoja kila asubuhi, akamwambia hivi ni vya maisha. Alivificha stoo ya vifaa, ndani ya boksi la ile bikari kubwa ya mbao ya kuchorea duara ubaoni, kwa sababu aliona haya. Watu walijua ana presha. Hakutaka wamwone akimeza. Mtu anayefundisha watoto kumtegemea Mungu, akionekana na vidonge mkononi, aliona kama ni kujitangaza kwamba yeye ombi lake halijibiwi. Muuguzi angemsikia angemchapa kofi, lakini ndivyo alivyofikiri.

Jumamosi ya wiki ile ya mkate alikuwa ametoka kupimwa. Presha ilikuwa imeshuka vizuri, muuguzi akampongeza kwa kutokosa dawa. Alikwenda ukumbini akiwa na hilo la kushukuru, jambo dogo, la kweli. Lakini Mwalimu wa Cherehani akamtangulia, akasimulia jambo lake, na Pembetatu akamtazama Mama Jikoni. Mama alikuwa amesimama, macho yamelowa, anamtazama yule binti namna ile ile aliyokuwa akimtazama yeye wakati wa msiba. Mama yangu, Pembetatu akajisemea. Kwani yeye wa kwao hana? Huyu mmoja niliyempata ugenini, naye ananichukulia.

Akaenda akashika egemeo la kiti.

Alisema kwamba wote wanajua anasumbuliwa na presha. Alisema leo amepimwa na imeshuka, imekuwa kama ya msichana. Hadi hapo kila neno lilikuwa kweli tupu. Ukumbi ukavuma, viti vikasogezwa, na Mwalimu Mkuu, akiwa ameinuka nusu kwenye kiti chake, akamuuliza, "Na dawa?"

Angesema ananywa. Neno moja tu, na makofi yangekuwa ya adabu, na watu wangerudi kukaa.

"Nimeacha," akasema Pembetatu.

Jamani, kulikuwa na vigelegele. Mwalimu Mkuu alivua miwani. Mlinzi wa geti alimshika mkono akautikisa kama anavuta maji kisimani. Mama Jikoni alimkumbatia mpaka miguu ikanyanyuka chini, akamwambia, mwanangu, mwanangu. Na Mwalimu wa Cherehani alikuwa anapiga makofi huko nyuma, peke yake, hakuna anayemtazama. Pembetatu alimwona, na raha aliyoisikia siku hiyo hakuwahi kuisikia hata alipobatizwa.

Jumapili ncha ya mkate ilikuwa chini ya kawa. Mama Jikoni alikaa naye akamuuliza aliomba vipi. Aliomba kwa maneno gani, saa ngapi, alifunga au hakufunga, dawa aliiacha kabla ya kupona au baada. Pembetatu akajibu yote. Uongo ukishaanza una njaa, unataka kulishwa kila saa. Akatunga sala nzima papo hapo, nzuri, yenye mwanzo na mwisho, na mama akairudia polepole mpaka akaishika. Alidhani mama anauliza kwa mapenzi tu.

Katikati ya wiki alipita jikoni mchana, akamkuta Mama Jikoni anaimba. Akamtania, akamuuliza kama amepata mchumba. Mama akacheka, akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa habari njema kwamba naye ana presha, anayo miaka, hakutaka kusema kwa kuogopa kuachishwa kazi ya moto. Na tangu Jumapili ameacha vidonge. Amevitupa motoni vikaungua vyote, ili asirudi nyuma.

Pembetatu akamshika mkono. Akamwambia, mama, wewe usiache, kila mtu ana njia yake, nenda zahanati wakupe vingine. Mama akamtazama kwa mshangao, wala hakukasirika, akamuuliza kama Mungu wa walimu ni mwingine na wa wapishi ni mwingine. Jibu Pembetatu alikuwa nalo stoo, ndani ya boksi la bikari, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemeza kimoja.

Aliapa kusema Jumamosi. Mpaka hapo siku si nyingi, akajipa moyo, na siku hizo aliomba kuliko alivyowahi kuomba maishani. Ila sikilizeni alichoomba. Hakuomba ujasiri wa kusema. Aliomba Mama Jikoni aponywe kweli, ili kusiwe na haja ya kusema. Alitaka Mungu amlipie uongo wake kwa muujiza. Alimaliza sala hiyo kila siku akiwa amechoka, akaenda stoo kumeza dawa.

Jumamosi ikafika. Alikuwa amejipanga, maneno ameyakariri. Ndipo Mwalimu wa Cherehani akainuka kwanza, akaenda kwenye kiti, na akaanza kulia kabla ya kusema. Akasema wiki iliyopita, baada ya ushuhuda wa Pembetatu, alishindwa kuongea kwa furaha. Akasema tangu siku aliyohamia chumbani na kusikia kwamba Pembetatu, dada yake katika Bwana, ana presha, amemwombea kila siku, kitandani kwake, kimya kimya, bila kumwambia. Na Mungu amemjibu. Akasema kuponywa kwa dada ndilo jibu kubwa kuliko yote aliyowahi kupewa.

Ukumbi ulilipuka. Mama Jikoni alipunga kitambaa, akimpungia yule binti.

Pembetatu alibaki kwenye kiti chake. Muujiza huu nimeutunga mimi, akawaza. Nimeutunga kwa mdomo wangu, nimeubeba wiki nzima unanitoa jasho, na huu nao ameuchukua. Hata uongo wangu umekuwa jibu la maombi yake. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakaziba. Walipomwita aongeze neno alitikisa kichwa, akasema amina, akatoka nje kama mtu aliyebanwa. Nje alitembea akizunguka uwanja, akihesabu yote ambayo yule msichana amemnyang'anya, na katika hesabu hiyo yote hakumkumbuka Mama Jikoni hata mara moja. Mwalimu wa hesabu.

Jumatatu, wasichana wakiwa kwenye foleni ya uji, mwiko ukaanguka. Mama Jikoni aliinama kuuokota na hakuinuka. Walipomgeuza, mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia haukuwa wake tena. Walimpakia kwenye pikapu ya shule, Mwalimu Mkuu mbele na dereva, Mwalimu wa Cherehani nyuma akimshikilia kichwa. Pembetatu aliiona gari inatoka getini. Alikuwa amesimama na chaki mkononi na wasichana wanamuuliza mwalimu, mwalimu, tuendelee?

Kesho yake alifuatwa. Hospitali ilikuwa na korido ndefu yenye harufu ya dawa ya kufutia sakafu, na kwenye benchi walikaa Mwalimu Mkuu na Mwalimu wa Cherehani na chupa ya uji ambayo haijafunguliwa. Mwalimu Mkuu hakuwa amelala; ungejua kwa namna miwani ilivyokaa. Alimweleza Pembetatu kwa kifupi. Mama yuko macho, anaongea kwa shida, uji anameza. Dawa hamezi. Muuguzi akimwekea kidonge mdomoni anakitema, akiletewa sindano anaurusha ule mkono mmoja uliobaki mzima, na daktari amesema presha isiposhuka leo, pigo la pili halitamwacha. Wamembembeleza tangu jana. Mwalimu wa Cherehani ameomba naye asubuhi, mama akageuzia uso ukutani. Anamtaka mtu mmoja tu.

"Ingia wewe," akasema Mwalimu Mkuu. "Anasema anamtaka yule aliyeponywa."

Mwalimu wa Cherehani akainuka, akampisha njia. Macho yalikuwa yamevimba, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na kicheko mahali popote. Alimshika dada yake kiwiko akamwambia kwa lugha ya nyumbani amwombee vizuri, maana yeye amejaribu na hakusikiwa. Ndilo neno ambalo Pembetatu alikuwa akilingojea tangu pazia lilipotundikwa chumbani mwao. Lilimpita hivi hivi.

Mama Jikoni alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Bila aproni alionekana mdogo. Kwenye kabati dogo kando yake palikuwa na kikombe cha maji, kijiko, na kifuniko cha chupa chenye vidonge viwili. Alipomwona Pembetatu, jicho moja liliangaza na jingine likachelewa. Alimwita mwanangu, neno lilitoka limepondeka lakini lilieleweka. Akamwonyesha kwa kidevu akae.

Pembetatu akakaa, akafumba macho, akafungua mdomo kuomba. Hakuna kilichotoka. Imani yote ile, magoti yote yale, na hapakuwa na sentensi moja ya kuanzia.

Mama ndiye aliyesema.

"Nakuonea wivu, mwanangu," akasema, polepole, akivuta kila neno. "Nimefanya kama ulivyofanya. Nimesema yale maneno. Wewe amekusikia. Mimi amenikataa. Nimemkosea nini?"

Pembetatu aliufahamu huo wivu. Aliujua ulivyo mzito, unalala nao, unaamka nao. Kumwona nao mtu mwingine, kwenye uso uliokwenda upande, tena ni wivu wa kitu ambacho hakikuwepo, kulimkata maini.

"Sikuacha dawa, mama," akasema.

Mama hakuelewa.

"Nakunywa kila siku. Ziko stoo, ndani ya boksi la bikari. Hata leo nimekunywa. Sijaponywa chochote, mama, nilidanganya ukumbi mzima, nikakudanganya na wewe jikoni kwako."

Chumbani palikuwa na wagonjwa wengine, na mmoja alikuwa anakohoa. Pembetatu alisubiri amalize, kana kwamba hiyo ingesaidia. Mama alikuwa anasogeza midomo bila sauti, kisha sauti ikaja. Alimuuliza kwa nini. Pembetatu akamwambia ni wivu, alimwonea wivu Mwalimu wa Cherehani, kwa majibu yake, kwa makofi yake, na kwa kuwa yeye mama alianza kumpenda.

Mama akauliza zile sala nazo vipi. Akajibu kwamba alizitunga.

Hapo mama alifumba macho, Pembetatu akainuka nusu kumwita muuguzi. Chozi lilikuwa limetoka kwenye jicho moja, linashuka kuelekea sikioni.

"Kwa hiyo hakunikataa," akasema Mama Jikoni.

"Hakukukataa, mama."

"Hakunikataa."

Akafungua mdomo. Pembetatu hakutambua mara moja anataka nini, kisha akaona anatazama kile kifuniko. Akachukua kidonge akakiweka kwenye ulimi, akamnywesha maji kwa kijiko, kidogo kidogo, mengine yakamwagika shingoni akayafuta kwa khanga. Kikapita. Akampa cha pili, nacho kikapita.

Alitaka kuomba msamaha. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda, kwa mazoea, na ameshika ule mkono usiosikia. Mama akautoa kwa ule mwingine.

"Toka, mwanangu."

Alidhani amefukuzwa, na aliona ni haki yake. Lakini mama alikuwa hajamaliza. Alisema, neno moja moja, kwamba tangu aanguke amemnunia Mungu. Hajamsemesha. Hata yule binti alipokuja kuomba, yeye alikuwa amegeuka ukutani kwa sababu hakutaka kumwona huyo Mungu aliyeingia naye chumbani. Kumbe alimnunia bure.

"Niache naye," akasema. "Nikapatane naye."

Pembetatu akatoka. Aliurudisha mlango bila kuufunga, akasimama kwenye korido na mgongo wake ukutani, na kwa ndani akausikia ule mdomo uliopinda ukianza kuongea. Haikuwa sala aliyoijua. Haikuwa na mwanzo wala mwisho. Mama alikuwa anagomba kidogo, analalamika habari ya mkono, anauliza nani atawapikia wasichana, kisha akacheka kicheko kifupi, kama vile amejibiwa.

Miaka yote hiyo Pembetatu alikuwa amemwomba Mungu, amemshukuru, amempelekea haja zake zimepangwa vizuri na majina ya wanafunzi. Kununiana naye hakuwahi. Hakuwahi kumwambia mtu toka nje, nataka kubaki naye. Alimwonea wivu yule mama aliyelala na nusu ya mwili wake imekufa, na wivu huu haukumtaka amnyang'anye mtu kitu chochote.

Mwalimu Mkuu na Mwalimu wa Cherehani walikuwa wameshainuka kwenye benchi, wanamtazama. Mwalimu Mkuu akamuuliza kama amemwombea.

"Hapana," akasema Pembetatu. "Amemeza dawa, kisha akanitoa nje. Kaeni niwaambie kwa nini."